Si nyama, ni choo: tunavyoeleza vibaya kifafa cha mnyoo wa nguruwe Mbulu na Hanang

"Ukila nyama ya nguruwe isiyoiva utapata kifafa."

Kwa maneno haya au yanayofanana nayo, sentensi hii inasikika sana huku kwetu. Inasemwa kwenye mkutano wa kijiji, kwenye benchi la zahanati, shuleni, na hata pale kwenye kitimoto wakati watu wanasubiri sahani yao igeuzwe mara moja zaidi jikoni. Ni fupi, inakumbukika, na anayeisema huwa ana nia njema kabisa.

Tatizo ni kwamba imekosea, na haijakosea kidogo kama anayezungusha tarakimu. Imekosea njia ambayo ugonjwa unapita, ikaacha nje kiungo chenyewe kinachougua, na mwisho ikambebesha mnyoo mmoja mzigo wa ugonjwa wenye sababu nyingi. Makala hii inaihakiki sentensi hiyo kama mtu anavyohakiki kitabu: inasema nini, inaficha nini, na inamfanyia nini msomaji wake. Kuanzia Jorodom hadi Haydom, msomaji huyo si wa kufikirika. Ni mama mwenye mtoto anayeanguka, na ni jirani yake anayejiona yuko salama kwa sababu hagusi nguruwe.

Kwa nini tunaanzia hapa

Ukanda huu wa Manyara una bahati ya ajabu. Ni kati ya maeneo ya Afrika Mashariki ambayo kifafa na mnyoo wa nguruwe vimechunguzwa kwa karibu sana. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa 1955 wilayani Mbulu, imekuwa na kliniki na tafiti za kifafa kwa miaka mingi. Mwaka 2009 daktari wa mishipa ya fahamu Andrea Winkler na wenzake, wakiwemo Watanzania, walichapisha matokeo ya watu 212 wenye kifafa waliopigwa picha za CT za kichwa. Kwa watu 38, yaani karibu asilimia 18, picha zilionyesha alama zinazoashiria vifuko vya mnyoo wa nguruwe ndani ya ubongo.

Upande wa mifugo nako kazi imefanyika. Mwaka 2004 Helena Ngowi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzake walichapisha utafiti wa nguruwe 770 hai katika vijiji vya Mbulu. Waliwakagua kwa njia wanayoijua wafanyabiashara wa nguruwe: unamfungua mdomo, unavuta ulimi, unapapasa vinundu. Nguruwe 134, sawa na asilimia 17.4, walikuwa navyo. Na kumbuka ulimi unaonyesha wale walioathirika sana tu. Nguruwe mwenye vifuko vichache anapita bila kugundulika.

Kwa hiyo hatuwezi kujitetea kwamba elimu haikuwepo. Elimu ipo, na imetoka kwenye vijiji vyetu wenyewe. Swali ni kwa nini inaporudi kijijini inarudi imepinda.

Kosa la kwanza: njia ya mnyoo

Twende taratibu, maana hapa ndipo watu wengi, hata wenye digrii, wanachanganya.

Mnyoo tunaomzungumzia ni tegu wa nguruwe, kwa jina la kisayansi Taenia solium. Ana maisha ya sura mbili. Sura ya kwanza ni tegu mzima, mrefu kama utepe, anayeweza kufika mita kadhaa, na anaishi kwenye utumbo wa binadamu tu. Sura ya pili ni kifuko kidogo chenye maji, kikubwa kama punje ya mchele au zaidi kidogo, na makao yake ya kawaida ni nyama ya nguruwe.

Ukila nyama yenye vifuko hivyo ikiwa haijaiva, unapata nini? Unapata tegu tumboni. Basi. Kifuko kinafunguka, mnyoo anajishikiza kwenye ukuta wa utumbo, anakua, na mara nyingi hujisikii vibaya hata kidogo. Unaweza kukaa naye miaka bila kujua.

Lakini sasa wewe umekuwa kiwanda. Tegu anakatika vipande, kila kipande kimejaa maelfu ya mayai, na mayai yanatoka na choo kikubwa. Ukijisaidia shambani, nguruwe anayezurura anakula kinyesi chako, mayai yanaanguliwa tumboni mwake, viluwiluwi vinapenya kwenye damu na kwenda kujifanyia vifuko kwenye nyama. Mzunguko umekamilika.

Na kifafa? Kifafa kinakuja pale yai lilelile, badala ya kuliwa na nguruwe, linapoliwa na mtu. Mikono isiyonawa baada ya chooni, mboga zilizomwagiliwa maji machafu, maji ya kisima kilicho chini ya vichaka vinavyotumika kama choo. Yai likiingia kwa mdomo, mwili wa mtu unafanyiwa kile alichofanyiwa nguruwe. Viluwiluwi vinasafiri kwa damu hadi kwenye misuli, kwenye jicho, na kwenye ubongo.

Kwa kifupi: nyama inakupa tegu, kinyesi cha binadamu kinakupa vifuko vya ubongo. Hatua hizi ni mbili, na sentensi yetu imezibana zikawa moja.

Mtu anaweza kusema, "Si zote mwisho wake zinatoka kwa nguruwe? Kuna ubaya gani kurahisisha?" Ubaya upo, tena mkubwa. Sentensi ile inamwambia asiyekula nguruwe kwamba hili halimhusu. Mwislamu, Msabato, na yule ambaye hapendi tu nyama hiyo, wote wanatoka kwenye mkutano wakiwa na amani ya uongo. Kumbe mtu anayepika chakula chao, au jirani wanayechangia naye kisima, anaweza kuwa na tegu bila kujua.

Mfano maarufu wa jambo hili ulitoka mbali sana na Manyara. Mwaka 1992 madaktari wa Marekani waliripoti wagonjwa wanne wa jamii ya Wayahudi washika dini wa jiji la New York, watu ambao dini yao inakataza nguruwe kabisa, waliokuwa na vifuko vya mnyoo huyu kwenye ubongo. Uchunguzi ulielekea kwa wafanyakazi wa nyumbani waliotoka nchi zenye mnyoo huyo na ambao walikuwa wabebaji wa tegu. Hakuna aliyekula nguruwe kwenye nyumba zile. Mayai yalipita mikononi, hadi kwenye chakula.

Sasa jiulize: kama mtu wa New York asiyegusa nguruwe aliweza kuugua, sembuse mtu wa kijiji ambako nguruwe na vichaka ni majirani?

Tuwe wa haki lakini. Kupika nyama ikaiva bado ni muhimu, kwa sababu kunakuzuia wewe usiwe kiwanda cha mayai. Unapoivisha kitimoto yako unailinda familia yako na majirani zako kuliko unavyojilinda wewe mwenyewe. Huo ni ujumbe tofauti kabisa, na kwa jamii yenye moyo wa ujirani nadhani ni ujumbe wenye nguvu zaidi. Tumeuacha bure.

Kosa la pili: ubongo umeachwa nje

Soma tena ile sentensi. Ina nyama na ina kifafa. Katikati hamna kitu. Msikilizaji anaachwa ajaze mwenyewe vipi nyama iliyoingia tumboni inamwangusha mtu chini akitoa povu. Na watu wanajaza kweli: wengine kwa mapepo, wengine kwa laana, wengine kwa kurogwa. Usiwalaumu. Ukimpa mtu hadithi yenye shimo katikati, atalifukia kwa udongo alionao.

Kitu cha kufukia shimo hilo si kigumu. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa karibu kilo 1.4 na unakadiriwa kuwa na seli za neva bilioni 86. Kila seli ni kama betri ndogo. Ndani yake kuna chaji hasi ukilinganisha na nje, tofauti ya kama milivolti 70, takriban sehemu ya ishirini ya betri ya rimoti. Seli ikichokozwa vya kutosha, milango midogo kwenye ngozi yake inafunguka, chembe za sodiamu zinaingia kwa kasi, chaji inageuka, na wimbi hilo linakimbia hadi mwisho wa mkia wa seli. Hapo inamwaga kemikali inayoigusa seli inayofuata.

Kemikali hizo ziko za aina mbili kubwa. Zipo zinazosema "washa" na zipo zinazosema "tulia". Ya kutuliza iliyo maarufu inaitwa GABA. Ubongo wenye afya ni mazungumzo ya sokoni: kelele nyingi, lakini kila mtu na mteja wake, na wapo wa kutuliza pale sauti inapopanda. Kifafa ni pale sehemu ya soko inapoanza kupiga kelele moja, kwa mdundo mmoja, wote kwa pamoja, na watulizaji wakashindwa. Hakuna kinachoingia toka nje wakati huo. Ni umeme wa mtu mwenyewe uliopoteza mpangilio.

Tena umeme huu si maneno ya kuambiwa uamini tu. Mjerumani Hans Berger alirekodi mawimbi ya ubongo wa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924 kwa waya zilizowekwa kichwani, na akachapisha 1929. Leo kipimo hichohicho, EEG, kinachora kifafa kwenye karatasi kama vile seismografu inavyochora tetemeko.

Sasa mrudishe mnyoo kwenye picha. Hapa kuna jambo ambalo sentensi yetu isingeweza kulibeba hata kidogo: kifuko kikiwa hai, mara nyingi kiko kimya. Mnyoo hai ana mbinu za kuutuliza mfumo wa kinga ya mwili usimwone. Anaweza kukaa ubongoni miaka bila dalili. Vurugu inaanza anapozeeka na kufa. Ukuta wa kifuko unavuja, kinga inashtuka, inakuja kwa wingi, eneo linavimba, na zile seli za neva jirani zinachokozeka. Hapo mtu anaanguka kwa mara ya kwanza. Baadaye kifuko kinakauka na kubaki kidonda kigumu chenye chokaa, na kidonda hicho kinaweza kuendelea kuchokoza kwa miaka.

Ona linavyobadilisha mambo. Kwanza, linaeleza kwa nini mtu anaanguka leo kwa jambo lililotokea zamani, wala hakumbuki kula chochote cha ajabu wiki hii. Pili, linaeleza kwa nini usikimbilie duka la dawa kununua dawa za minyoo ujitibu kifafa mwenyewe. Dawa inayoua vifuko vingi kwa mpigo inaweza kuleta uvimbe na kuzidisha degedege, ndiyo maana hospitalini huanza na uchunguzi na huambatanisha dawa za kupunguza uvimbe. (Hii haina maana mtoto akatae dawa za minyoo zinazotolewa shuleni. Tunazungumzia mtu mwenye kifafa anayejitibu gizani.)

Tatu, linaeleza kwa nini kifafa hakina sura moja. Inategemea kifuko kimekaa wapi. Kikikaa karibu na sehemu inayoongoza mkono, mkono mmoja unaanza kutikisika wenyewe. Kikiwa nyuma, kwenye eneo la kuona, mtu anaona miali ya mwanga. Kikiwa pembeni karibu na sikio, anaweza kusikia harufu isiyokuwepo, kupata hofu ya ghafla, au kukodoa macho nusu dakika huku akitafunatafuna mdomo bila kujibu ukimwita. Mtoto wa namna hiyo darasani anaitwa mvivu au kiburi. Kwenye sentensi yetu hayupo, kwa sababu haanguki na hatoi povu.

Na hapa lugha nayo ina mchango wake. Tunasema "mishipa ya fahamu", na neno mshipa tunalitumia pia kwa mshipa wa damu. Picha inayomjia msikilizaji ni bomba ambalo kitu kinapita ndani. Ndiyo maana wengi wanaelewa kifafa kama "damu kupanda kichwani" au "mshipa kuziba". Neva si bomba. Ni furushi la nyuzi zinazopitisha wimbi la umeme, nyingine kwa zaidi ya mita 100 kwa sekunde, nyingine kwa mwendo wa mtu anayetembea. Ndiyo sababu ukijikwaa kidole unahisi kwanza kugonga, halafu sekunde moja baadaye ndiyo maumivu yanakuja kukusalimia. Sisemi tuache kusema mishipa ya fahamu, limeshazoeleka. Nasema ukilitumia, ongeza sentensi moja ya kueleza kwamba kinachopita ni umeme.

Kosa la tatu: mnyoo kafanywa mkosaji pekee

Rudi kwenye zile picha za CT za Haydom. Asilimia 18 walikuwa na alama za vifuko. Maana yake zaidi ya wanane kati ya kila kumi hawakuwa nazo. Na hii ni sehemu ambayo mnyoo ni wa kawaida!

Wengine kifafa chao kinatoka wapi? Sababu zinazojulikana ni nyingi: mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, uti wa mgongo, ajali za kichwa (bodaboda zimeongeza orodha hii), kiharusi kwa wazee, na urithi wa vinasaba. Kwa wengi sababu haipatikani hata baada ya vipimo. Ukisema "kifafa ni cha nguruwe", mama aliyezaa kwa shida mtoto akachelewa kulia anaulizwa na ukoo ni lini alimlisha mtoto kitimoto. Badala ya kupata maelezo, anapata kesi.

Neno kifafa lenyewe tumelitanua mno pia. "Kifafa cha mimba" ni degedege la mjamzito mwenye shinikizo la juu la damu, ni dharura ya hospitali mara moja, na si ugonjwa wa kifafa. "Degedege" la mtoto mwenye homa kali nalo ni jambo jingine, ingawa kwa miaka mingi limehusishwa na ndege apitaye usiku. Mambo matatu, matibabu matatu. Mwelimishaji anayetumia neno moja bila kutenganisha anamwacha mama mjamzito akidhani shida yake inahusu mnyoo.

Kilichofanya kazi, na pale kilipoishia

Uhakiki wa haki lazima useme pia kizuri. Elimu ikitolewa vizuri inafanya kazi, na ushahidi umetoka hapahapa. Ngowi na wenzake walifanya jaribio la elimu ya afya katika vijiji 42 vya Mbulu, wakianza na kaya zaidi ya 800 za wafugaji wa nguruwe, na kuchapisha matokeo 2008. Vijiji vilivyopata elimu, kasi ya nguruwe kupata maambukizi mapya ilishuka kwa takriban asilimia 43. Si mchezo. Lakini watafiti haohao walikuta kwamba tabia walizoziangalia kwa macho, kama vile matumizi ya choo na kufungia nguruwe, hazikubadilika kwa kiasi cha kuonekana.

Mimi nasoma matokeo hayo hivi: watu walisikia habari ya nyama, wakaifanyia kazi. Habari ya choo waliisikia pia, lakini choo kinagharimu. Kuchimba shimo kwenye udongo wa mfinyanzi, kununua bati, kujenga banda la nguruwe na kumletea chakula badala ya kumwachia ajitafutie, hayo yote ni pesa na jasho. Kauli peke yake haichimbi shimo. Tena tuna kampeni ya kitaifa ya vyoo, Nyumba ni Choo, ambayo kila mtu anaijua. Ila mara nyingi choo tunakihusisha na kipindupindu na kuhara, na kifafa tunakihusisha na nyama. Faili mbili, ofisi mbili, wakati ugonjwa ni mmoja. Ni mara ngapi umesikia mtu akisema "chimba choo usije ukampa mwanao kifafa"?

Kuna kazi nyingine inayostahili kutajwa: programu ya kompyuta iitwayo The Vicious Worm, iliyotengenezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Copenhagen pamoja na wenzao wa Afrika. Imegawanywa ngazi tatu, kijiji, mji na jiji, kila moja kwa wasomaji wake, na imejaribiwa na wataalamu mkoani Mbeya. Nguvu yake ni kwamba inaonyesha mzunguko wote: mtu, kinyesi, nguruwe, nyama, mtu. Udhaifu wake ni wa wazi, ni ya kompyuta. Inamfikia bwana mifugo na mganga wa zahanati kabla ya kumfikia mfugaji, na njiani kati yao mzunguko unakatwakatwa hadi inabaki sentensi ileile ya nyama. Tena kwenye nyumba ambako bibi anaongea Kiiraqw au Kidatooga zaidi ya Kiswahili, inakatwa mara nyingine tena.

Kwa upande wa nguruwe, zana zipo: dawa ya oxfendazole inayoua vifuko kwenye nyama, na chanjo ya TSOL18 iliyotokana na kazi ya Marshall Lightowlers wa Chuo Kikuu cha Melbourne. Nguruwe aliyechanjwa hamalizi tatizo la choo, lakini anakata mnyororo.

Kinacholipwa kwa makosa haya

Kwa nini nang'ang'ania sentensi moja hivi? Kwa sababu gharama yake inalipwa na mgonjwa.

Mtu akiamini kifafa ni uchafu uliotoka kwenye chakula, ni hatua fupi kuamini kwamba povu lake linaambukiza. Halina uwezo huo, hata kidogo. Ni mate tu yaliyochanganyika na pumzi. Lakini kwa hofu hiyo watu wamemwacha mtu aliyeanguka kwenye mafiga aungue, kisa hakuna wa kumgusa. Daktari Louise Jilek-Aall, mwenye asili ya Norway, alianza kushughulika na wagonjwa wa kifafa Mahenge, kusini mwa nchi yetu, miaka ya 1960 inapoanza, na makovu ya moto na kutengwa ni mambo aliyokutana nayo huko. Zaidi ya miaka sitini baadaye, hofu ya povu bado tunaijua.

Na wakati huohuo, dawa ipo. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya watu wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata utambuzi na matibabu sahihi. Phenobarbital, inayotumika tangu 1912, ni ya bei nafuu na inafanya kazi ileile tuliyoieleza juu: inaipa nguvu GABA, yaani inawasaidia wale watulizaji wa sokoni. Sharti ni kuimeza kila siku na kutoiacha ghafla, maana ukiiacha ghafla kelele inarudi kwa kishindo. Mgonjwa anayejua kwamba shida yake ni umeme wa seli anaelewa kwa nini ameze dawa hata siku ambayo hajaanguka. Mgonjwa aliyeambiwa shida ni nyama aliyokula zamani, atauliza: nyama ilishatoka, vidonge vya nini?

Hapo ndipo lile shimo la katikati ya sentensi linapoumiza. Asiyeelezwa ubongo hana sababu ya kumeza dawa.

Tuiandike upya

Si haki kubomoa bila kujenga. Kama tunataka sentensi za kubandika ukutani zahanati, napendekeza hizi nne badala ya ile moja:

Kifafa ni hitilafu ya umeme wa ubongo. Kina sababu nyingi, kina dawa, na povu haliambukizi.

Sababu moja ni mayai ya tegu yanayotoka kwenye kinyesi cha mtu. Yanaweza kumpata yeyote, anayekula nguruwe na asiyekula.

Tumia choo, nawa mikono, fungia nguruwe.

Ivisha nyama ya nguruwe ili usiwe wewe unayewapa wengine mayai.

Na chini yake, kwa maandishi makubwa, ile ya kuokoa maisha leo: mtu akianguka, msogeze mbali na moto, mweke kitu laini kichwani, usimwekee chochote mdomoni, usimshike kwa nguvu, angalia saa. Mitikisiko ikiisha, mlaze ubavu. Ikizidi dakika tano au ikijirudia kabla hajazinduka, mwahishe hospitali.

Ni ndefu kuliko "usile kitimoto mbichi"? Ndiyo, kwa mbali. Lakini watu wa huku wanajua kuhesabu mbuzi wa ukoo mzima na kukumbuka ng'ombe yupi alizaliwa mwaka wa ukame upi. Hawashindwi na sentensi nne. Wanachostahili ni kupewa zote.